Kifundo cha Dada

4 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Dereva wa lori la vyakula aliileta akiwa ameichomeka kati ya magunia ya unga, kwa hiyo niliisoma huku napiga chafya. Kama ni kweli huko kambi ya ujenzi simu hazitashika mpaka barabara iishe, basi tutaandikiana kama wachumba wa zamani. Mimi sina neno. Mwandiko wako tu ndio utakaonitoa macho.

Huku hatujambo. Shemeji yako yuko kwenye kibanda chake cha kunyolea, ananyoa na kupiga soga. Mimi na cherehani yangu tunaelewana kama kawaida, isipokuwa wiki iliyopita nilipanda kigoda kutundika gauni la bibi harusi ukutani, kigoda kikaenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Mguu wa kulia ulijipinda hapa kwenye kifundo. Zahanati wameufunga bandeji na kunipa dawa za maumivu. Umevimba kidogo tu. Gauni halikupata hata vumbi, na bibi harusi alipokuja alilitazama gauni kwanza, mimi baadaye. Sikumlaumu.

Kula vizuri. Najua mpishi ndiye wewe, lakini wapishi ndio husahau kula.

Dada yako

*

13 Machi

Dada,

Shikamoo. Hiyo "kidogo tu" yako naijua tangu niko shule ya msingi. Uliposema una homa kidogo tu, tulikubeba.

Hapa nawapikia wanaume wanaovunja mawe kutwa, nao wakifika mezani wanakula kama wanalipiza kisasi. Mmoja wao, dereva wa greda, aliteleza kwenye ngazi ya mtambo wake mwaka jana na kifundo kikavunjika. Akapelekwa kwa daktari bingwa wa nyayo na vifundo. Nilicheka sana aliponihadithia. Yaani daktari mzima anaishia kifundoni, ukimwonyesha goti anakuelekeza mlango wa jirani. Lakini dada, mtu huyo leo anapanda greda kama paka. Anasema kabla ya hapo alikuwa amezungushwa na madaktari wa kawaida mpaka akakata tamaa.

Kwa hiyo uvimbe usipopungua, tafuta mtu wa namna hiyo, na awe anapokea kadi yetu ya bima ya serikali. Kadi yako iko hai, nimeulizia.

Habari yangu nyingine: mwenye kile chumba karibu na stendi amekubali kuniwekea mpaka kazi ya barabara iishe. Mwakani mdogo wako atakuwa na mgahawa wenye meza zake mwenyewe. Usimwambie shemeji bado, atataka kula bure.

Mdogo wako,
Mwiko

*

26 Machi

Mdogo wangu,

Mguu unaendelea vizuri. Nimesharudi kwenye cherehani. Hongera kwa chumba, nitakushonea mapazia na vitambaa vya meza, chagua rangi isiyoonyesha mchuzi.

Tuzungumze mambo mengine sasa, haya ya miguu yananichosha.

Dada yako

*

6 Aprili

Shemeji,

Salaam. Mimi si mtu wa kuandika, mkono wangu umezoea mkasi, nivumilie. Dada yako hajui kama nakuandikia na naomba iwe hivyo hivyo.

Anakudanganya. Mguu hauendelei vizuri. Anakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, amejipinda kwenye kiti kama mtu anayechungulia dirishani, na mshono unakwenda upande. Kwenda bafuni anashika ukuta. Akiingia anafungulia maji ya bomba, na mimi nikiwa sebuleni najua yale maji si ya kuoga. Ni ya kufunika kilio.

Nilimlazimisha twende hospitali ya wilaya. Wakampiga picha. Daktari akaniambia mfupa ulikuwa umevunjika tangu siku ile ya kigoda, zahanati hawakuona, na sasa umeunga vibaya. Akasema yeye hawezi, atafutwe bingwa wa kifundo.

Basi tukaanza kutafuta. Ofisi ya bima walinipa majina. La kwanza, tulipofika, ni duka la makochi. Muuzaji anasema huulizwa habari za miguu kila wiki, na safari hii alituuliza kama angalau hatuhitaji kochi. La pili, daktari ameenda masomoni ng'ambo. La tatu ni kliniki ya mjini, ile yenye samaki kwenye kioo. Binti wa mapokezi aliisukuma kadi yetu irudi kwangu kwa kidole kimoja, akasema, "Baba, hii hatuipokei. Hapa ni taslimu." Alipotaja kiasi, nilishika meza.

Tukiwa tumeshafika nje, binti yule yule akatufuata mbio mpaka kwenye ngazi. Akasema kwa sauti ya chini, "Daktari wetu huyu huyu, kila Jumatano yuko hospitali ya rufaa ya serikali, jengo la nyuma, mlango wa mifupa. Kule kadi hii wanaipokea. Mpate tu barua ya rufaa kutoka wilayani." Nilitaka kumnyoa bure maisha yake yote, lakini ana nywele ndefu nzuri, nikamshukuru tu.

Barua tukaipata. Jumatano tukaenda. Watu ni wengi, mlinzi akasema anaingia mgonjwa peke yake. Nikakaa nje kwenye benchi. Dada yako akaingia, akakaa sana, akatoka. Akaniambia, "Hata hapa hawapokei. Twende nyumbani."

Sasa sina pa kushika. Nafikiria kukopa nimpeleke kwenye samaki. Wewe ndiye unayemjua tangu zamani, niambie nifanye nini.

Shemeji yako,
Kinyozi

*

15 Aprili

Shemeji,

Nimeisoma barua yako nimesimama na wali ukaungua. Leo kambi nzima imekula ukoko na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Usikope. Akiba yangu ya kile chumba cha stendi ipo (dada atakueleza, nilimkataza asikwambie). Chumba kitanisubiri au hakitanisubiri. Huyu dada ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa akienda kazini. Niandikie tu "njoo", nipande lori la kwanza.

Lakini kuna kitu hakikai vizuri. Nimemuuliza muuguzi wa kambi yetu, amefanya kazi miaka mingi hospitali za serikali. Amekunja uso. Anasema hospitali ya rufaa ya serikali kukataa kadi ya serikali ni kama mimi kukataa moto jikoni. Labda mtu wa mapokezi alikosea, labda dada hakusikia vizuri. Kabla hatujafanya lolote, nenda mwenyewe ukaulize. Usimwambie unakwenda wapi.

Mwiko

*

25 Aprili

Shemeji,

Nimekwenda. Nilimwambia dada yako nafuata wembe.

Dirishani kuna mama mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nikamwonyesha kadi, nikamuuliza kama wanaipokea kwa bingwa wa kifundo. Akaniangalia kama nimeuliza kama wanapokea wagonjwa.

"Tunapokea. Kwani nani kakwambia hatupokei?"

Nikataja jina la mke wangu. Akafungua kompyuta yake, akasoma, akavua miwani.

"Huyu si ni yule fundi cherehani? Alikuja Jumatano ile. Kadi tuliipitisha, tukampangia aingie kwa daktari mchana huo huo. Alipoitwa hakuwepo. Tukamwita tena na tena. Tulidhani ameenda chooni."

Shemeji, nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye benchi lile lile nililokalia siku ile. Kwa hiyo mke wangu alikuwa ndani, mlango umefunguliwa, kila kitu tayari, na akaamua kutoka aje kunidanganya. Kwa nini? Nimewaza mpaka kichwa kimeuma. Nimemkasirisha? Ana ugonjwa mwingine anaoujua yeye? Wiki hii nimenyoa watu vibaya, mwalimu mkuu ametoka kwangu na sikio moja limechanika kidogo.

Sijamuuliza. Nikimuuliza mimi ataona nimempeleleza, na kweli nimempeleleza. Mwandikie wewe. Wewe akikukasirikia hasira haidumu.

Kinyozi

*

3 Mei

Dada,

Shikamoo. Nitasema moja kwa moja, halafu unipige nikirudi.

Najua kuhusu mguu. Najua kuhusu picha, na duka la makochi, na Jumatano ile. Najua kwamba hospitali ya rufaa walipokea kadi na wakaita jina lako na wewe ukaondoka. Usimlaumu shemeji. Ameniandikia kwa sababu anakupenda na hana pengine pa kupeleka hofu yake. Ananyoa watu mpaka anawakata masikio.

Sikukaripii. Nani mimi nikukaripie? Nataka tu kujua ulichokiogopa. Umekuwa ukinibebea mambo tangu sijajua kutembea, na hili moja unaweza kunipa nikushikie.

Akiba yangu ipo kama shida ni nyingine nisiyoijua. Meza za mgahawa zinaweza kungoja.

Mdogo wako,
Mwiko

*

12 Mei

Mdogo wangu,

Niliichana barua yako. Halafu nikaiunga kwa gundi ya kushikizia kola, kwa hiyo ujue nimeisoma mara mbili.

Fedha yako usiiguse. Ukiigusa nitakuja huko kwa mguu huu huu mmoja nikufundishe adabu mbele ya wavunja mawe wako. Nakwambia kweli.

Na huyu kinyozi, nimemsusia. Namwekea chakula mezani na kugeuka. Anakula kimya, ananyanyua macho, anainamisha. Nitamsamehe, ila si wiki hii.

Unauliza niliogopa nini. Nitakwambia wewe, yeye sijamwambia.

Siku ya picha pale wilayani, nilikuwa nimekaa kwenye korido nasubiri, mlango wa chumba cha madaktari uko wazi nusu. Nikamsikia mmoja anasema, "Huu wa fundi cherehani umeharibika. Kwa hali hii itabidi ukatwe." Halafu mlango ukafungwa. Shemeji yako alipoitwa ndani wakamwambia tu kwamba atafutwe bingwa. Mimi nikajua wamemficha, wamemwachia bingwa aje aseme.

Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kumkumbuka vizuri baba mkubwa. Unamkumbuka akiwa kwenye kiti barazani anakupa peremende. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha. Aliondoka nyumbani kwa miguu yake kwenda hospitali kwa ajili ya kidonda cha unyayo, akarudi amebebwa, suruali imekunjwa na kufungwa pini. Ile suruali niliipunguza mimi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ushonaji, kama hukujua. Mtu aliyekuwa akiimba akitembea hakuimba tena.

Sasa utaniona mjinga, lakini kila tulipofika mahali wakasema kadi haipokelewi, mimi nilikuwa napumua. Shemeji yako anatoka ameinama, na mimi moyoni nasema, afadhali. Makochi, afadhali. Yule binti wa samaki alipotukimbilia nilitamani ajikwae. Na Jumatano ile mama wa miwani alipoipokea kadi na kuniambia "ingia, dada, kaa hapo utaitwa", mwili wote ulipoa. Niliposikia jina langu, miguu yote miwili ilinitoa nje, hata ule mbovu.

Ndiyo hivyo. Niache na mguu wangu. Unauma lakini ni wangu na upo.

Dada yako

*

20 Mei

Dada,

Nimesoma nikakaa chini. Sikukuona mjinga hata kidogo hapa.

Lakini kuna jambo la baba mkubwa ambalo mama aliniambia kabla hajafariki, na nadhani wewe hukuambiwa kwa sababu ulikuwa unamhudumia. Kile kidonda alikaa nacho muda mrefu sana. Alikuwa akikificha ndani ya soksi, hata joto likiwa kali, akisema ni kidogo tu. Alipopelekwa hospitali hapakuwa tena na cha kuokoa. Mama alisema daktari aligomba karibu kulia. Hospitali haikumchukulia mguu, dada. Soksi ndiyo iliyomchukulia.

Mimi sijui yule wa wilayani alimaanisha nini. Na wewe hujui. Ulisikia maneno nusu, mlango ukafungwa. Nenda kwa huyo bingwa ukamuulize maneno kamili. Nenda na mumeo, aingie ndani na wewe, mlinzi akikataa mwambie shemeji amnyoe. Kama jibu litakuwa hilo unaloliogopa, simama uondoke, hakuna anayeruhusiwa kukupasua bila wewe kukubali. Na mimi nitakuja tukae pamoja barazani, tutafute la kufanya.

Ila usikae na hofu ya neno ambalo hukulisikia mpaka mwisho.

Mwiko

*

31 Mei

Mdogo wangu,

Nakuandikia kutoka kwenye ua wa hospitali, juu ya goti la shemeji yako, kwa sababu hapa hakuna meza. Ndiyo maana mistari inacheza. Na pia anatikisika, anajizuia kucheka.

Asubuhi nilimweleza yote. Alichukua viatu vyangu akanivalisha. Mlinzi alikuwa mwingine na hakutuuliza. Mama wa miwani aliniona akasema, "Leo hutoki, nakuangalia." Kadi akaipitisha kwenye kimashine, kikalia mlio mdogo, basi. Watu wazima tumezungushwa mji mzima kwa ajili ya mlio huo.

Daktari ni mwanamke. Mfupi, ana viatu vya mpira kama vya watu wa sokoni, na mikono yenye joto. Aliukamata mguu kama mimi ninavyokamata kitambaa kabla ya kukata, akaugeuza, akaubonyeza, akatazama picha. Shemeji yako kando amenishika bega. Mimi nikaona nisingoje. Nikasema:

"Daktari, mimi najua tayari. Nilisikia kule wilayani. Najua kwamba itabidi ukatwe."

"Ndiyo," akasema, bado anatazama picha. "Itabidi ukatwe."

Shemeji yako alinifinya bega mpaka sasa pana alama. Mimi niliuliza tu, "Kuanzia wapi?"

"Hapa, pembeni. Sehemu ndogo."

"Halafu nitatembelea nini?"

Hapo ndipo aliponitazama. Akaiweka picha chini.

"Mama, unazungumzia nini?"

"Mguu."

"Mguu nani kasema? Mfupa. Mfupa umeunga upande. Ukatwe hapo ulipoungia vibaya, unyooshwe, ufungwe kwa vyuma vidogo, uunge upya. Mguu unabaki na wewe. Mguu wako nina shida gani nao?"

Mdogo wangu, nililia. Siyo kile kilio cha siri cha bafuni, hapana, nililia kwa sauti mbele za watu mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Shemeji yako naye akaanza. Daktari akatugawia karatasi za kufutia mikono, akasubiri, akasema amesikia mengi katika kazi hii lakini hajawahi kuona mtu amekimbia herufi moja. Ukatwe wa mfupa na ukatwe wa mguu, nani angejua? Kama ningevunjika kidole wangesema "kikatwe" na bado ningekimbia.

Alinigombeza kidogo. Amesema ningechelewa miezi mingine kiungo kingelika na hapo asingeweza kuahidi kitu. Sasa anaahidi nitatembea, nitakanyaga cherehani, ngazi nitapanda polepole mwanzoni. Upasuaji ni mwezi ujao, kwa kadi. Magongo kwa kadi. Mazoezi ya mguu baada ya hapo, kwa kadi.

Kalipie chumba chako cha stendi kabla mwenyewe hajabadili mawazo.

Dada yako

*

22 Juni

Shemeji,

Haraka haraka, lori linangoja. Ametoka chumba cha upasuaji salama. Daktari amesema mfupa umekaa kama alivyotaka. Miguu iko miwili, nimehesabu mwenyewe, na dada yako alipozinduka akanituma nihesabu tena. Baada ya hapo akatazama shuka za wodini akasema zimepindwa na mtu mwenye hasira.

Kwa hiyo ni mzima.

Kinyozi

*

1 Julai

Dada, shikamoo na pole. Shemeji, asante.

Kambi leo imekula pilau nzito ya nyama, na hakuna sikukuu. Waliuliza ni ya nini. Nikawaambia ni ya kifundo. Dereva wa greda akasimama akaomba watu wote wapige makofi, wakapiga. Watu hamsini wenye vumbi wakipigia makofi mguu ambao hawajauona.

Chumba nimekilipia.

Mwiko

*

14 Septemba

Mdogo wangu,

Plasta ngumu ya mguuni ilitolewa mwezi uliopita. Mguu ulitoka mwembamba, mweupe wa vumbi, kama nimeuazima kwa mtu mwingine. Tumezoeana. Kwenye mazoezi kuna kijana mkali ananifanya nisimame kwenye vidole kama binti wa ngoma, na akisema "tena" najua siku yangu imeharibika. Ngazi za hospitali nilizishuka wiki mbili zilizopita bila gongo. Unauma mvua ikikaribia. Daktari anasema hilo nilizoee, na mimi nimemwambia hilo nalikubali kwa mikono miwili.

Sasa nikueleze la jana, ndipo nikuache.

Nilimkuta shemeji yako amechukua mkasi wangu wa kitambaa, ule mzuri, anakatia waya wa taa kibandani kwake. Mdogo wangu, damu ilipanda. Tulipokaa kula nikamwambia yangu yote, akaniambia yake, nikamwambia na yaliyobaki ya mwaka juzi. Nikaona haelewi. Nikasukuma kiti, nikainuka, nikamwacha pale, nikatoka kwa hasira moja kwa moja mpaka uani, nikaubamiza mlango.

Nikiwa nje nikamsikia anacheka. Nikarudi nimuulize anacheka nini, mtu mzima.

Akasema, "Umeondoka."

Nikasema, "Ndiyo, nimeondoka."

Akasema, "Umeondoka haraka. Hukushika kitu."

Nikatazama nyuma. Kiti kilikuwa kule, mlango uko huku, na katikati hapakuwa na ukuta wala gongo wala bega la mtu. Sikuwa nimefikiria mguu hata mara moja. Nilikuwa nafikiria mkasi tu.

Nikakaa, tukamaliza kula. Maelezo ya mkasi bado namdai, lakini jana sikuwa na nguvu ya kuendelea kumkasirikia.

Dada yako